Nilisema kadi ya mchumba wangu ni mbovu

Admin, jina langu lifiche kabisa. Na nyie watu wa Manyoni mtakaonijua kwa hii stori, nawaomba mninyamazie, maana najua hapa mwanamke anayeendesha banda la gemu ni mimi tu.

Nina miaka ishirini na saba, ni fundi kompyuta. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na baba mdogo. Huyu mzee tangu soko huria lianze hajawahi kukaa bure. Aliuza mitumba, akaonesha video kwenye banda la mabati, na sasa banda hilohilo lina kompyuta nne za gemu ninazozisimamia mimi. Alinisomesha ufundi ndugu wote wakimcheka. Akikaa na wenzake stendi ni sifa tu: "Binti yangu akisema kitu ni kibovu, ujue ni kibovu." Na sitawaficha, zile sifa zilinipanda kichwani, halafu mdomo wangu hauna breki.

Mchumba wangu nitamwita Shabani. Anatengeneza simu Itigi, ni mpole, ana adabu mpaka wakati mwingine inakera. Washenga walileta barua ya posa, baba mdogo akaipokea, akasema jibu atalitoa wakirudi. Shabani akaniuliza mzee apelekewe zawadi gani. Nikamwambia mashuka anayo tele, mletee kadi ya picha, ile inayoiwezesha kompyuta kucheza magemu mazito, kwa sababu vijana walikuwa wanalilia gemu jipya la mpira na mashine zetu zilikuwa haziliwezi. Akasafiri mwenyewe mpaka Dar kuitafuta.

Siku washenga waliporudi, asubuhi niliifunga ile kadi, nikaweka gemu, na kwa kuwa wateja wanakuja na flashi zimejaa virusi, nikaongeza antivairasi nyingine juu ya ile iliyokuwepo. Nilitaka ulinzi uwe mkali. Wageni wako njiani, nimekimbizana na wali jikoni, sikujaribu chochote. Mchana wazee wakaletwa bandani waone zawadi ya mkwe. Gemu likawaka, nyasi za uwanja unaziona moja moja, mshenga mmoja akasema, "Lo! Hawa si ni watu kabisa!" Dakika chache tu kioo kikaganda, kikawa cheusi, gemu likajifunga. Nikawasha tena, likakata tena. Mara ya tatu hivyohivyo. Baba mdogo akanigeukia mbele za watu: "Fundi, tatizo nini?"

Ningesema tu, "Baba, ngoja nichunguze." Lakini wapi! Nikasema, "Kadi mbovu hii. Kapigwa huko Dar."

Jamani, mzee alibadilika. Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kinyaturu, na akihamia Kinyaturu ujue mambo yameharibika. Eti mtu anayetuletea kitu kibovu kabla hajapewa mke, akishapewa atatuletea nini? Barua ikarudishwa palepale, washenga wakaondoka bila hata kunawa mikono. Shabani hakuwepo, muoaji haendi siku kama hiyo. Jioni akanipigia. "Dukani niliijaribu ikawaka. Lakini kama wewe fundi umesema, basi nimedanganywa. Nisamehe, nimekuaibisha." Yaani yeye ndiye ananiomba msamaha mimi!

Baba mdogo akakataza kadi isitolewe, ikae palepale iwe ushahidi. Wiki iliyofuata ile antivairasi niliyoiongeza ikaanza kunisumbua na matangazo yake, nikaiondoa. Akaja mteja mmoja mbishi, akang'ang'ania kukaa kwenye mashine ileile yenye kadi. Akacheza mechi ya kwanza, ikaisha bila kukata. Ya pili, ikaisha. Nimesimama nyuma yake natazama. Alipoondoka nikairudisha antivairasi, gemu likakata. Nikaitoa, likacheza. Nilirudia mpaka vidole vikaniuma. Kadi ilikuwa nzima siku zote. Zile antivairasi mbili ndizo zilizokuwa zinagombana kimyakimya nyuma ya gemu, kila moja inataka kulikagua, mpaka linaanguka. Na aliyeziweka pamoja ni mimi.

Sasa hapa ndipo mtanichukia. Sikwenda kumwambia baba mdogo. Niliirudisha ile antivairasi makusudi, ili mtu yeyote akiwasha aone kadi bado mbovu. Wiki tatu sasa. Silali vizuri, simu ikiita nashtuka. Nimesafisha feni za mashine zote nne mpaka zinang'aa, basi tu mikono isikae.

Juzi mambo yamekuwa mabaya zaidi, au mazuri, hata sijui. Shabani amepata kadi nyingine na ameomba aje mwenyewe Jumamosi na washenga wake, apige magoti mbele ya baba mdogo. Mzee amelainika, amesema kadi ikifanya kazi ataipokea barua. Yaani mimi niondoe antivairasi moja tu, ni kazi ya dakika mbili, ninaolewa na hakuna atakayejua. Jana Shabani kanipigia anacheka kwa furaha: "Safari hii nimeijaribu kutwa nzima. Haitakuaibisha." Nilikata simu nikasingizia mtandao, nikalia.

Nikisema ukweli, baba mdogo aliyenilea ataonekana mzee aliyefukuza mkwe kwa kosa la binti yake mwenyewe, na Shabani ataniuliza wiki zote hizi anatukanwa nilikuwa wapi. Huenda nikawakosa wote wawili. Nikinyamaza, nampata mume, ila kwetu ataitwa yule aliyeleta kadi mbovu mpaka tuzeeke, naye ataamini, kwa sababu mkewe ni fundi na ndiye aliyesema.

Nitukaneni kwanza kama mnataka, nastahili, halafu mnisaidie mawazo maana Jumamosi si mbali. Nimwambie kabla hajapiga magoti, au nisimame pale pembeni nimtazame akiomba msamaha kwa kosa langu?