Majogoo Waliopelekwa Nyamyumba

Vifaranga wangu wa mwaka ule karibu wote waligeuka kuwa majogoo. Uani kwangu hapa Gisenyi pana nafasi ya mitetea michache na jogoo mmoja, basi. Walipokomaa wakawa wanapigana kutwa, hata mitetea wakaacha kutaga. Jirani yangu, karani aliyekulia Goma, alivumilia mpaka akachoka, akanisimamisha getini.

"Mama, jogoo zako zinatuamshaka kila siku. Mi sina ubaya na we, lakini bibi yangu hana tena usingizi. Donc, tufanye nini?"

Kuwachinja sikutaka. Mama yao alichukuliwa na mwewe, na mimi ndiye niliyewalea. Mjane mmoja wa Nyamyumba, anayeniuzia sambaza, vidagaa vya ziwani, aliposikia akasema atawachukua. Kuku wake walikuwa wameisha.

"Wameishaje?" nikamuuliza.

"Wameisha tu," akajibu, akaendelea kunipimia samaki.

Jirani alifurahi mno, akajitolea gari lake. Nyumba ya mjane ilikuwa bondeni chini ya barabara, karibu na chemchemi za maji moto, imebanwa na mawe meusi. Banda lilikuwa nyuma, mahali pa chini kabisa, limefagiliwa vizuri. Jirani alibaki barabarani, mimi nikateremka na majogoo. Uani palikuwa kimya kiasi cha kunifanya nisimame. Sikusikia ndege, sikuona hata nzi, na tulikuwa kwenye nyumba ya muuza samaki. Lakini mjane alikwisha kumkumbatia jogoo mmoja kama mgeni wa siku nyingi, nikaona haya kuuliza zaidi.

Zikaja siku za mvua, hewa nzito, upepo hakuna. Asubuhi moja akanipigia simu.

"Njoo uone, mama. Zote zimelala."

Niliogopa kideri, kwamba huenda na kuku wangu wanacho. Jirani alinipeleka kabla ya kwenda kazini, na safari hii akateremka nami. Majogoo walikuwa wamelala bandani, manyoya laini, bila damu wala povu. Kando yao kulikuwa na panya, naye amekufa. Nikainama kumwinua jogoo mmoja. Kichwa kikazunguka, pumzi ikanikatikia kifuani. Jirani akanivuta mkono kwa nguvu.

"Toka! Toka hapo!"

Alitoa kiberiti cha gesi mfukoni, akakiwasha, akakishusha polepole. Kilipofika usawa wa magoti, moto ukazimika ghafla. Akawasha tena, ukazimika palepale.

"Iko mazuku," akasema. "Kwetu inauaka mbuzi, inauaka na watu. Ni hewa mubaya, inatoka chini ya udongo. Haina harufu." Kisha akamgeukia mjane. "Mukecuru, mama muzee, we unalalaka wapi?"

Mjane akaonyesha chumba cha upande wa banda, kilichoshuka chini kuliko sebule. Mkeka ulikuwa sakafuni. Alisema kila asubuhi huamka na kichwa kizito, akadhani ni uzee. Jirani akaingia na kiberiti, akakishusha karibu na mkeka. Moto ukanywea, ukabaki mdogo sana, lakini haukuzimika.

Tulimtoa siku ileile na vyombo vyake, akahamia kwa dada yake aliyejenga juu, kando ya barabara. Majogoo tukawazika, hakuna aliyethubutu kuwala. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, akaja, banda likabomolewa, mahali pake pakazungushiwa miba.

Nilidhani yameisha. Juzi, akinipimia sambaza, mjane akaniomba jogoo mwingine.

"Banda si limebomolewa?"

"Si wa bandani. Wa kulala na mimi chumbani. Akianguka, nitajua."

Nikampigia dada yake simu, akaniambia mjane amekwisha kurudi kulala kule, kwa sababu ile nyumba ilijengwa na marehemu mumewe na hawezi kuiacha peke yake. Tukaenda jioni ile, mimi na jirani. Jirani na shemeji wa mjane, mume wa yule dada, wakang'oa mlango wa kile chumba ili asilale tena mle, kisha wakapanda na kuezua mabati, moja baada ya jingine. Mjane alikaa juu ya mawe, kanga ameikaza kiunoni, akitutazama. Hakulia, hakutukana. Tulipomaliza akaniuliza kama nimesharidhika.