Mahindi Yaliyorudi Nyumbani

Mume wangu ana malori mawili, ghala la ndengu kule Kyuso, na nyumba za kupangisha ambazo baadhi ya wapangaji humdhania kuwa mlinzi. Ana koti moja. Watu wakiyajua hayo yote kwa pamoja hutaka waambiwe kisa: labda alilala njaa utotoni, au aliwahi kufilisika akajifunza. Hakuna kisa. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa kutosha na mama yake alipika vizuri. Yeye hapendi vitu tu, kama watu wengine wasivyopenda maini.

Mimi napenda vitu, ila kwa kiasi. Nilipoolewa kutoka Mbumbuni nilidhani ni tabia ya kijana anayeanza maisha, kwamba tukipata itaisha. Tukapata. Haikuisha. Tulisomesha watoto hadi wakamaliza, tukiendelea kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kutoka sufuria ileile iliyobonyea upande mmoja, na baada ya muda nikaona kwamba nisichokuwa nacho si kingi sana. Nilikataa kuacha kitu kimoja tu: shuka. Nikilala nataka shuka nzito ya pamba, iliyofumwa vizuri, ya rangi nyeupe. Mume wangu husema hasikii tofauti yoyote. Lakini usiku ambao shuka bado ziko kwenye kamba, hugeuka-geuka kitandani mpaka asubuhi.

Kyuso kila mtu alitujua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mambo yalianza tulipohamia Kathonzweni. Mama yangu alikuwa anazeeka kule Mbumbuni na nilitaka kuwa karibu naye. Tukanunua shamba lenye nyumba kuukuu ya matofali ya udongo, na mabati yaliyokuwa yameshakuwa mekundu kwa kutu. Mimi nilijua tutajenga. Mume wangu alisimama katikati ya chumba, akaangalia juu, akasema, "Haivuji."

Ilikuwa kiangazi. Hata chujio lisingevuja.

Malori tuliyaacha Kyuso mikononi mwa rafiki yake, mfanyabiashara wa mifugo mwenye duka, ambaye wazazi wake walitoka kaskazini mashariki na ambaye sisi sote tunamwita haji. Mume wangu alikuja Kathonzweni na baiskeli. Hatukumwambia mtu kwamba sisi ni maskini. Hatukumwambia mtu lolote. Tulijiunga na kanisa, tukakaa benchi la nyuma, naye kila Jumapili alikunja sadaka yake mara nyingi sana, mpaka ikawa ndogo kama punje, akaitia kwenye kikapu ikiwa ndani ya ngumi. Waliokuwa karibu waliona ngumi na koti.

Mwaka wa pili mvua ya Novemba ilikatika mapema. Mahindi yalifika magotini yakasimama hapo, yakakauka yakiwa yamesimama. Mchungaji, ambaye ni kijana mwenye adabu, alitangaza kwamba kanisa lingesaidia familia zilizolemewa. Mume wangu alimngoja nje baada ya ibada, akampeleka nyuma ya choo, akamwambia kwamba ataleta magunia ya mahindi kutoka Kyuso, kwa sharti moja. Jina lake lisitajwe kwa yeyote, wala kwa wazee wa kanisa, wala kwa mke wa mchungaji. Mchungaji akaapa. Alipokuja kunisimulia, mume wangu alikuwa amefurahi kama mtu aliyenunua kitu kwa bei nzuri.

Mahindi yakaja. Akina mama wa kanisa wakayagawa, na waliopewa kazi ya kuchagua familia walikuwa akina mama haohao.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nachambua ndengu nje ya jiko nikasikia wimbo unakuja njiani. Mbele alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mkulima mwenye sauti kubwa na magoti mabovu. Alikuwa amebeba mgongoni gunia dogo la mahindi, kamba ya kubebea ikiwa imemkaza kwenye paji la uso. Wenzake walikuwa na sukari, mafuta ya kupikia na blanketi. Nyuma kabisa alikuja mchungaji, akiwa amekumbatia Biblia yake na kuwaangalia kuku wetu kwa makini.

Mwenyekiti alilitua gunia miguuni pangu. Lilikuwa limeshonwa mdomo kwa uzi wa nailoni wa bluu. Mume wangu hushona magunia yake mwenyewe, kwa uzi huo, kwa sababu aliwahi kuupata kwa bei ya kutupa na haujaisha.

"Mwaitu," mwenyekiti aliniambia, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, huku akijifuta jasho, "Mungu hajawasahau. Mwite mzee."

Mzee alikuwa kwenye zizi la mbuzi. Alitoka akiwa na kinyesi kwenye gumboti. Akaangalia gunia. Akaangalia mshono. Akamwangalia mchungaji, na mchungaji akazidi kuwaangalia kuku.

"Asanteni sana," alisema mume wangu.

"Na aliyetoa, popote alipo, abarikiwe," alisema mwenyekiti.

"Amina!" walisema wote. Mume wangu pia alisema amina, kwa sauti ya chini kuliko wote.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo nilipofungua mdomo. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshachukua blanketi na anaelekea chumbani, kwa sababu blanketi la kanisa hutandikwa kitandani na kuombewa. Nikamkimbilia. Nikasimama mlangoni, nikasema chumba hakijafagiliwa. Akanisukuma kwa upole, kama wanavyosukumwa wenye haya, akaingia pamoja na wenzake.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Shuka zilikuwa nyeupe kama maziwa. Mmoja wao aliishika pembe ya shuka kwa vidole viwili, akaisugua kidogo, akaiachilia. Kisha wakatandaza blanketi juu yake, wakaomba, na katika maombi hayo mwenyekiti alimshukuru Mungu kwamba hata katika dhiki mama huyu hajaacha usafi.

Walipoondoka nilimwuliza mume wangu kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Kwamba ni mimi?"

"Ndiyo."

"Hiyo si ingekuwa kujivuna?"

"Na hii ni nini?"

Akafikiri. "Hii ni mahindi," akasema, akarudi zizini.

Sikuweza kuyapika. Nikayapeleka yote, pamoja na sukari na mafuta, kwa jirani yetu mjane ambaye nilijua ana wajukuu wengi. Niliona nimemaliza jambo. Kumbe ndipo nilipolianzisha. Yule mjane naye alikuwa amepewa fungu lake, na alipoona nimempa na langu, alilia, kisha akaenda moja kwa moja kumwambia mwenyekiti kwamba yule mama mgeni, asiye na kitu, ametoa chote alicholetewa.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisimama mbele ya kanisa akaisimulia habari hiyo bila kututaja, huku akituangalia. Watu waligeuka. Kisha akasema ameingia ndani ya nyumba hiyo, ameona mbingu kupitia mabati, na kwamba kanisa halitaki kusikia mvua ikija ikawakuta hao wazee hivyo. Wataweka paa jipya. Mara hiyohiyo mtu akaleta kuku akapigwa mnada. Mwingine akaleta mayai. Yule mjane akaahidi siku ya kupika. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma na mikono yangu mapajani, na sikumbuki aibu nyingine niliyowahi kuibeba ambayo ilikuwa na uzito kama ule. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Ni kweli vilikuwa vibovu.

Nyumbani nilimwambia, "Ama useme wewe, ama nitasema mimi."

Akaenda kwa mchungaji, akamwomba asimamishe paa. Mchungaji akamjibu kwa heshima, "Mzee, nitasimamisha vipi bila kusema sababu? Wewe ndiye uliyenifunga mdomo. Nifungue basi."

Mume wangu akasema atafikiria. Yeye hufikiria polepole. Alikuwa bado anafikiria pale wanaume wa kanisa walipofika na ngazi, nyundo, na mabati mapya yanayong'aa, wakapanda juu na kuanza kung'oa.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema siku hiyo, mbele ya wote, wakati wa chai. Sikupata nafasi. Chai ikiwa bado jikoni, gari lilisimama kwenye geti la miti na haji akateremka, kanzu yake ikiwa na vumbi la safari yote kutoka Kyuso. Nyuma ya gari alikuwa amefunga mbuzi. Alimshika mume wangu mikono yote miwili na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe!" akasema. "Umefilisika na hukuniambia mimi?"

"Nani amesema nimefilisika?"

"Nimeuliza sokoni nyumba ya yule tajiri wa ndengu aliyetoka Kyuso. Wamenicheka. Wameniambia hapa hakuna tajiri, kuna mzee mmoja tu wa kutoka huko, kanisa linamlisha. Mimi nimekuja kwa mambo ya tairi! Lori zako zote mbili ziko kwangu, zinatembea vizuri, ghala limejaa. Sasa pesa imeenda wapi? Unaumwa?"

Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Kule juu, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mbao za paa kama ndege, wakitusikiliza. Mbuzi alilia. Mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini, akavuta kiti, akaketi mbele ya mume wangu.

"Mzee," akasema, na sauti yake mara hiyo haikuwa kubwa. "Yale mahindi yalitoka wapi?"

Mume wangu alimwangalia mchungaji. Mchungaji alikuwa juu ya ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze alikuwa na uso wa mtu aliyepona.

"Kwangu," alisema mume wangu.

"Nikayabeba kwa mgongo huu kutoka kanisani mpaka hapa. Na magoti haya. Yakiwa yako. Na wewe una lori."

"Nilitaka kutoa kwa siri."

"Kutoa kwa siri ni vizuri. Kupokea je? Kwa nini hukuniambia nirudi nayo?"

"Mngejua."

"Tungejua, halafu?"

Namjua mume wangu. Hakuwa anatafuta uongo. Alikuwa anatafuta jibu lenyewe, na nadhani hakuwahi kulitafuta kabla ya siku hiyo.

"Ningeombwa," akasema mwishowe. "Kila mtu angekuja kuomba."

Mwenyekiti aliinama, akaokota kiazi kingine, akakiangalia.

"Na sisi unafikiri hatuombwi?" akasema. "Kuku aliyenunua bati lile ni wangu."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu. Wanaume waliteremka mmojammoja, wakafunga mabati mapya kwa kamba, wakayabeba. Yalipelekwa kwa yule mjane, na yakawekwa kwake wiki hiyohiyo. Mwanamke aliyekuwa ameshika shuka yangu siku ile alinipitia karibu akasema tu, "Nilijua," akaenda zake. Haji, baada ya kueleweshwa, alicheka mpaka akahitaji maji. Kisha akakataa kurudi na mbuzi, akisema alimnunua sokoni awe sadaka na ameshanuia.

Kwa kuwa nusu ya paa letu ilikuwa imeng'olewa, mume wangu alipanda ngazi mwenyewe kabla jua halijazama, akarudisha mabati ya kutu yaleyale. Nilimshikia ngazi. Nilikuwa nimekasirika naye na pia nilikuwa nafikiri kwamba nilikuwa na mdomo wangu siku zote hizo, na sikuutumia.

"Nifanye nini?" aliniuliza kutoka juu.

"Anza kwa kuomba msamaha."

Akaomba, Jumapili, akiwa amesimama mbele na lile koti. Hakusema mengi. Alisema alidhani kujificha ni unyenyekevu, na kwamba mahindi yaliyobaki atayaleta kwa lori mpaka mlangoni mwa kila mtu, ili asibebe mtu tena. Watu walipiga makofi, si kwa nguvu.

Nilitegemea kwamba angebadilika kidogo, labda hata tujenge. Hajabadilika. Tunaishi kama tulivyokuwa tukiishi, ila sasa majirani hawatuonei huruma, wanatuita wagumu wa kutoa. Na ni kweli waombaji walikuja, kama alivyoogopa. Anawakaribisha, anawasikiliza hadi mwisho, anawapa chai. Wengine huwasaidia na wengine huwaambia hapana, na wanaoambiwa hapana humaliza chai yao na kuaga vizuri. Jambo hilo linamshangaza mpaka leo.

Lori lilipokuja kutoka Kyuso lilisimama mbele ya kanisa na akina mama wakapakia. Mume wangu alimfungulia mwenyekiti mlango wa mbele, akamsaidia kupandisha magoti yake, kisha yeye akaenda kukaa nyuma juu ya magunia. Mwenyekiti alijisogeza huku na huku kwenye kiti, akashika kando, akajisogeza tena.

"Mzee!" akaita kupitia dirishani. "Hiki kiti hakina sponji?"

"Kilikuwa nayo," mume wangu akajibu kutoka juu ya magunia, na dereva akawasha gari.