Ukuta Uliomuuma Mama

Jumamosi, tarehe tisa Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumua kidogo saa saba.

Mama mkwe ameondoka leo kurudi nyumbani, magharibi. Alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho, na sisi tulitaka akae nasi kabisa. Naandika ilivyokuwa, ingawa sijui kama naielewa yote. Shule yangu iliishia darasa la nane.

Nyumba hizi za mtaa wetu wa Ziwani ni za zamani, za mawe ya kijivu ambayo ukiyakwaruza yanatoa mchanga. Mvua zilipoanza, mama alitoka bafuni akasema ukuta unamuuma. Mume wangu akacheka.

"Mama, huo ukuta una meno mangapi?"

"Weka mkono uhesabu."

Aliuweka, na mimi nikauweka. Hatukusikia kitu. Lazima niseme tulijaribu kweli, tena zaidi ya mara moja. Lakini mama aliendelea kulalamika, na siku za jua anasema leo umetulia. Hapo mume wangu akaanza kuninong'oneza kwamba uzee umemwingia mama kichwani. Mama naye akaacha kuoga, akawa anajipangusa na kitambaa chumbani, mlango umefungwa.

Juzi fundi wa stima alikuja kwa jirani, nikamwomba apitie kwetu. Aliweka testa, kijiti cha kupimia umeme, kwenye jiwe tupu la bafuni, ikawaka. Akaiweka juu karibu na dari, pakavu, haikuwaka.

"Jiwe lenyewe halibebi stima," alisema. "Ni hivi vitundu. Maji yanaingia, yanayeyusha hii chumvi nyeupe unayoiona, basi stima inapata njia. Kuna waya umechubuka humo ndani. Nyinyi mnaingia na slipa?"

Tunaingia na slipa. Mama huoga miguu mitupu.

"Basi mpira wa slipa ndio uliowakinga. Shosho alikuwa anawaambia ukweli, buda," akamwambia mume wangu, akimtazama mama.

Waya ulikatwa siku hiyo hiyo, mwingine ukapitishwa nje. Mume wangu akavua slipa, akajimwagia maji, akaushika ukuta mama akitazama.

"Ametengeneza vizuri," mama alisema. "Mimi nimekwambia kila siku hukuamini. Hicho kijiti kimewaka mara moja, ukaamini."

"Nimekosea, mama. Kaa nasi."

"Sijakasirika, baba. Lakini siku nikiugua hapa, nikisema panauma, nani atanisikia?"

Asubuhi mume wangu alimbebea mzigo hadi kwenye basi, akarudi amelowa, akakaa bila kubadilisha shati.

Sisi hatukudanganya, ukuta haukutuuma. Lakini hatukumuuliza anaingia vipi bafuni. Labda mimi ndiye ningemuuliza, maana ndiye niliyekuwa nikimpa ndoo ya maji. Labda angeondoka vilevile.

Jioni tumekula ugali na mrenda, mboga aliyotuchambulia mama jana kabla ya kufunga mzigo wake.