Bwawa la Mkwe

Baba alizaliwa Newala, juu kabisa, ambako mtoto hujifunza kushuka genge kufuata maji kabla hajajua kuhesabu. Alipooa aliteremka kuja Chiungutwa kukaa kwa wakwe zake, kama desturi yetu ilivyo: mwanamume ndiye anayehama. Watoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Alipalilia mikorosho isiyo yake kwa miaka kumi na minne bila kulalamika. Kisha akaomba kipande cha bonde chenye tope ambacho hakuna aliyekitaka, akachimba bwawa.

“Mtu wa Newala kaona maji, kapagawa,” mjomba alisema, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua kwamba kile kishimo ndicho kitu pekee pale kijijini ambacho mtu angeweza kukiita cha baba yangu. Alipandikiza perege aliowabeba kwenye ndoo kutoka misheni ya Ndanda, na upande mmoja akayaacha mayungiyungi yaote kwa sababu aliyapenda tu.

Bibi, mama yake mama, aliishi nyumba ya pili. Baba na yeye hawakutazamana usoni wala kula mahali pamoja. Ndiyo heshima ya mkwe. Hata kuzungumza walizungumza kupitia kwangu. Bibi alikaa barazani, baba akisimama hatua kumi kutoka pale, naye Bibi huniambia, “Mwambie baba yako mvua inakuja, aanue makopa ya muhogo.” Baba ameshasikia, lakini hungoja mpaka niyarudie. Nilikuwa kama simu ya waya mfupi sana, na nilijivunia kazi hiyo.

Safari moja nilifuatana na baba Ndanda, kwa kuwa sikio langu lilikuwa linatoa usaha na ilibidi nionwe hospitalini. Tulipotoka tulipitia kwa fundi wa mabwawa ya misheni. Yule fundi, mzee wa maneno machache, alimwonyesha baba jinsi ya kupima maji. Unapiga magoti ukingoni, unazamisha mkono polepole. Maji yakifika kwenye kiwiko na kiganja kikapotea machoni, bwawa lina chakula cha kutosha. Baba alifurahi sana, akainuka kukung'uta magoti na kuanza kuaga. Fundi akaongeza, akinitazama mimi kwa kuwa baba alishageuka, kwamba kiganja kikipotea mapema, kabla ya kiwiko, usitie tena samadi wala mbolea yoyote, kwa maana bwawa limeshiba kupita kiasi. Nilisikia yote mawili, kwa lile sikio zima.

Mwaka huo soko huria lilikuwa limetufikia. Chama cha ushirika hakikuleta tena magunia ya kuwekea korosho. Walikuja wanunuzi na malori yao, wakasema kila mtu atafute vyombo vyake. Mfanyabiashara mmoja wa Masasi akaleta marobota ya salfeti tupu za nailoni zilizokuwa na mbolea ya chumvichumvi, zimetoka huko Songea kwenye mahindi. Pindo za chini bado zilikuwa na punje nyeupe zilizoganda. Wanawake walizinunua, wakatafuta pa kuzifulia, na kisima cha kijiji kilikuwa kimekauka Septemba hiyo. Baba akawaambia waje bwawani kwake.

Ninamwelewa. Kwa mara ya kwanza watu wa ukoo wa mama walikuwa wanamwomba yeye kitu. Walikuja kwa makundi, wakazifua salfeti kwa wiki tatu, wakimwita mkwe mwema. Na kiroba kimoja kilichokutwa na mbolea karibu robo, hakikutupwa. Baba alikikung'uta chote majini kwa mkono wake mwenyewe.

Bwawa likaitikia haraka. Mayungiyungi yalitangulia kunenepa. Majani yaliyokuwa na ukubwa wa kisahani yakafikia sahani ya pilau. Maji yakaanza kugeuka rangi, kwanza kama yaliyooshewa mchicha, halafu kijani kizito chenye utelezi. Oktoba vikatokea vijani vidogo vinavyoelea, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mtama. Jumatatu vilikuwa kona moja, Ijumaa vimefunika nusu ya bwawa. Kufika Novemba, bata wa Bibi walisita kuingia, wakidhani ni nchi kavu.

Kwa mtu wa Newala, kijani kina maana moja tu: mvua imenyesha, watu watakula. Baba alitenga vile vijani kwa mkono, akapiga magoti, akauzamisha mkono. Kiganja kilipotea hata maji hayajapita kifundo cha mkono. “Unaona?” akaniambia. “Ndanda wenyewe hawana bwawa kama hili.”

Nilijua. Nilisimama pale na maneno ya fundi kinywani, nikayameza. Nikitafuta sababu leo napata nyingi: mtoto hamkosoi baba yake, nilidhani labda nimesikia vibaya. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwona ana furaha namna ile, na sikutaka niwe mimi wa kuikata.

Furaha hiyo ndiyo iliyomfanya aahidi. Mdogo wangu wa kike alikuwa unyagoni, angetoka Desemba, na karamu ya kutoka mwali hutayarishwa na ukoo wa mama. Kazi ya baba mzazi ni kupasua kuni na kukaa pembeni. Safari hii baba akamtumia mjomba ujumbe kwamba kitoweo cha watu wote kitatoka bwawani kwake. Baada ya siku mbili mjomba akakubali. Hakuna mbuzi aliyetafutwa.

Siku tatu kabla ya karamu, mawingu ya mvua ya kwanza yaliziba jua na mvua yenyewe isinyeshe. Nilipita bwawani nikaona machipukizi ya mayungiyungi yameshindwa kupenya lile blanketi la vijani, yameoza kwa chini, maji yananuka yai bovu. Nimesoma kilimo tangu hapo na ninaweza kueleza. Mmea wa majini hutoa hewa nzuri mchana ukipata jua, na giza likiingia huivuta wenyewe. Mimea iliyooza nayo inavuta. Mbolea ilikuwa imelisha mimea mingi kupita ambavyo bwawa lingeweza kuihimili, na jua lilipokosekana, samaki walibaki na maji yasiyo na pumzi.

Asubuhi ya karamu baba alinikuta nachota majivu, akasema twende. Perege walikuwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wengi wamelala ubavu, wachache bado wanahema. Baba aliingia mpaka kiunoni akawakusanya kwenye ndoo zile zile za Ndanda.

Walikaangwa mara moja, lakini habari ilitangulia sufuria. Watu walipoketi mikekani kila mmoja alikula ugali wake na majani ya kunde. Sinia za samaki zilikaa katikati bila kuguswa. Nilisikia mtu akisema, si kwa kunong'ona, “Wamekufa kwa mbolea hao. Ni sumu.” Mjomba alitazama mikono yake. Mdogo wangu, amepakwa mafuta na kuvishwa khanga mpya, alianza kulia. Nilitamani ardhi inimeze, maana ni mimi niliyejua.

Baba akatoka kwenye kuni. Alikuja mpaka katikati ya mikeka, mbele ya mjomba, mbele ya Bibi aliyeketi na wanawake, akachuchumaa, akachukua perege mmoja akamla. Alikula taratibu, akiweka miiba pembeni. Mkwe alikuwa anakula machoni pa mama mkwe wake, na aibu hiyo ilikuwa kubwa kuliko samaki wote wa bwawa.

Bibi akageuka. Aligeuka na mkeka wake, akampa mgongo, ili isisemwe kwamba alimwona. Kisha akaniita.

“Mwambie baba yako,” alisema, “animegee na mimi.”

Baba alikuwa amesikia, kila mtu alikuwa amesikia. Lakini hakugusa sinia. Aliniinulia macho, akangoja nimfikishie.