Mkono Kwenye Kioo

Trela lile la kulala safarini lilikuwa kuukuu, lakini paa halikuvuja wala sakafu haikuoza. Arlys, mkewe Orval, ndiye aliyetamani siku moja wasafiri nalo. Sasa alikuwa kaburini. Orval aliapa kwamba akishindwa kuliunga peke yake na pikapu yake, hatalinunua.

"Utaliunga peke yako, mzee?" Verlyn, mwenye trela, akamtania. "Kazi hii imevunja ndoa nyingi. Mmoja anarudisha gari nyuma, mwingine anapunga mkono kumwelekeza, kisha wanatukanana."

"Mimi na marehemu mke wangu hatukutukanana. Yeye alinitukana, mimi nikanyamaza."

Verlyn akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

Orval akaingia garini, akatazama kioo cha pembeni, pale Arlys alipokuwa akisimama miaka yote waliyounga matrela ya kubebea ngano. Aliona majani matupu. Mguu ukagoma kukanyaga pedali.

"Nisimame pale, mzee wangu?" Verlyn akauliza kwa upole.

"Simama. Lakini usinihurumie. Nitukane kidogo."

"Kulia, gogo wee! Kulia! Hayo ni macho au vifungo?"

Orval akarudi nyuma taratibu; pini ya trela ikazama, kufuli likajifunga kwa kishindo.

"Nalichukua," Orval akasema, macho yangali kwenye kioo.