Bibi Hahesabugi Ng'ombe

Hapana mwalimu, sikusema bibi yangu ndiye aliyegundua hesabu. Nilisema hayumo kwenye bango, na bango lenyewe limeandikwa "Waliosahauliwa katika Hisabati".

Mwalimu wa hesabu akajibu kwamba hata aliyesahauliwa lazima awe kwenye kitabu. Nikamuuliza sasa huyo amesahauliwaje. Akaniambia nikae. Bango linapelekwa Musoma Jumatano kwenye maonyesho ya shule, imebaki nafasi moja, na mimi naitaka kwa ajili ya bibi.

"Lete ushahidi Jumatatu," akasema. "Usiniletee hadithi."

Jumamosi nikatoka Bunda kwenda kwa bibi Butiama. Bibi hahesabugi ng'ombe. Kwetu ukihesabu mifugo kwa kidole unaitia mkosi. Jioni wakirudi anasimama mlangoni mwa zizi anawapanga kwa mama zao: yule wa baka na binti zake, yule wa pembe moja na binti zake, na wajukuu, mpaka wanaisha. Mimi sina subira. Nikahesabu kwa kidole nyuma ya mgongo wake.

"Kumi na tisa, bibi. Wametimia."

"Nani amekutuma kuhesabu?"

"Shule."

"Basi hao kumi na tisa ni wa shule. Mimi namkosa mjukuu wa yule wa baka. Na huyo mweusi hapo ni wa kwa jirani."

Tukamrudisha mweusi. Wetu tulimkuta kwa jirani, ametulia kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko jikoni. Jirani naye alikuwa ameshahesabu, akaona wametimia. Yeye ni karani mstaafu.

Nikamweleza bibi habari ya bango. Akauliza litakaa wapi. Nikamwambia Musoma.

"Na mvua je?"

"Litakuwa ndani, bibi."

"Sawa. Ila usiandike wako wangapi."

Leo Jumapili nimerudi Bunda, kwa shangazi anayekaa mtaa wa Nyasura. Ushahidi ninao, ila mwalimu atauita hadithi. Sasa, yeye ndiye mwalimu wetu wa darasa pia, na kila asubuhi mstarini anatuhesabuga vichwa: thelathini na sita, anaandika, anaondoka. Nimeshaongea na rafiki yangu wa mkondo B. Kesho asubuhi yeye atasimama kwenye mstari wetu, mimi nitasimama kwao. Mwalimu akishaandika thelathini na sita, nitanyoosha mkono kutoka kule kwa B, nimuulize kama wametimia.