Kaburi la Kwanza la Mji Wetu

Mji wetu uko ukingoni mwa Mto Tana, katikati ya nyika tupu, na hakuna kitabu kinachoeleza ulianzaje. Aliyejua ni baba. Alifika pale akiwa mtoto, ndani ya mtumbwi, amepakatishwa kuku wawili, na wote waliokuwa naye mtumbwini wameshatangulia mbele ya haki. Mwaka jana, mimi nikiwa Guangzhou nasomea uzamivu wa mambo ya mafuriko, aliamua kunihadithia yote ili niyaandike. Kaka zangu aliwajaribu kabla yangu, wakampiga chenga.

Programu ya simu tunayotumia huku haipokei ujumbe wa sauti unaozidi dakika moja. Baba hakuwa mtu wa dakika moja. Salamu peke yake zilimaliza nusu, akaulizia baridi, akaulizia kama nakula, na historia ilipoanza tu ikakatika. Alikasirika sana. Mdogo wangu wa kike, anayeishi naye, alimfundisha kuendeleza kwenye ujumbe mwingine, na tangu siku hiyo kila baada ya sala ya alfajiri alinitumia dakika moja moja kwa mfululizo. Kwangu huku ilikuwa saa tano asubuhi.

Saa tano mimi huwa Barabara ya Zhanqian, kwenye maduka ya nguo za jumla, nikiwatafsiria akina mama wa Mombasa wanaokuja kununua mizigo. Pesa ya ufadhili haitoshi kitu. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni huku mama mmoja akinivuta mkono, "Mwambie laoban asituzungushe, twataka bei ya jumla," na laoban mwenyewe, mwenye duka, akijifanya haelewi hata Kichina changu. Nilitazama ujumbe wa baba ukipangana nikajiambia nitasikiliza Jumapili. Jumapili nililala.

Nilisikiliza jumbe tatu tu. Zilizobaki sikuzigusa.

Katika wa kwanza alisema wazee walitembea ukingoni kutwa nzima wakitafuta mahali ambapo viboko hawapandi kula mazao. Wakakuta njia ambayo wafugaji huwateremshia ng'ombe mtoni, wakakubaliana nao: sisi tulime upande wa chini, na njia ya ng'ombe isizibwe kamwe. Katika wa pili alinieleza duka la kwanza, gunia la chumvi na debe la mafuta ya taa, na mwenye duka aliyelala juu ya chumvi yake kwa kuwaogopa wateja. Baba alicheka mpaka dakika ikaisha.

Katika wa tatu alisema kwamba kwa miaka kadhaa hakuna aliyepaita mahali pale mji. Walipaita kambi, na kila aliyegombana na jirani alitishia kurudi walikotoka. Kwa desturi yao, pangekuwa mji siku watakapomzika mtu wao kwenye udongo ule. "Sasa, wa kwanza kuzikwa," baba akasema, sauti yake ikishuka, "siku ile mimi nilikuwa..." Dakika ikaisha. Kulikuwa na ujumbe wa nne chini yake. Yule mama wa Mombasa aliniita, nikarudisha simu mfukoni.

Mwezi uliofuata simu yangu ilianza kuzimika hovyo. Niliipeleka Sanyuanli, kwenye kibanda cha simu, nikaitoa na kuongeza pesa kidogo nikapewa nyingine. Muuzaji aliifuta ya zamani mbele ya macho yangu, nami nikasimama pale nikila muwa. Nilidhani ujumbe unakaa kwenye akaunti, na kwamba nikiingia tu nitaukuta. Niliingia. Picha ya baba ilikuwepo, na chini yake hapakuwa na kitu.

Nilirudi mbio. "Mei you," muuzaji akaniambia, hakuna, na simu yenyewe alikuwa ameshaiuza. Nilimfokea mpaka watu wakajaa, ilhali kosa lilikuwa langu na nililijua.

Sikumwambia baba. Nilipanga kumwomba aanze upya nikirudi likizo, na kwa wiki mbili nikajitia hamnazo, namjibu "ahsante baba, naandika." Wiki ya tatu mdogo wangu akanipigia akilia. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na maneno hayakutoka tena.

Siku chache baadaye alinipigia kwa video, amemwegemeza baba kwenye mto. "Dada, nimemwambia historia yake unayo. Msomee basi, afurahi."

Ilinipasa kusema ukweli wakati ule. Badala yake nikafungua daftari nikasoma ukurasa mmoja na nusu: viboko, njia ya ng'ombe, chumvi, kambi. Alifumba macho, na upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu. Kisha maandishi yakaniishia, na kwa aibu nikaendelea kwa kubuni. "Wa kwanza kuzikwa alikuwa mzee mmoja, aliyeugua homa..."

Macho yakafunguka. Mkono wake wa kushoto uliinuka kwenye shuka ukapunga kukataa.

"Mama mmoja?" nikauliza. Mkono ukapunga tena.

"Mtoto?"

Mkono ukashuka. Machozi yakamtiririka.

"Mtoto wa nani, baba?"

Alifungua kinywa, akatoa sauti nzito isiyo na neno. Alijaribu tena, na tena, shingo ikimsimama mishipa, mpaka mdogo wangu akasema, "Dada, basi, unamtesa," akakata simu.

Baba alifariki mwezi huo huo, na sikuweza kwenda kumzika. Nimewauliza kaka zangu na mdogo wangu, hakuna anayejua. Hata kwenye simu ya baba hamna kitu, mdogo wangu alikuwa akifuta kila alichotuma ili isijae. Makaburi ya mwanzo mto uliyala zamani, mimi sijazaliwa, kwa hiyo hata pa kwenda kutazama hapapo. Ninalo daftari, ukurasa mmoja na nusu, na chini kabisa nimeandika: mtoto. Baba ameondoka akijua sikumsikiliza.